Aliyerudi kutembea: Mgeni au mwenyeji?

NI nani mwenye haki zaidi juu ya nyumba ya wazazi: aliyebaki akaitunza, au aliye ughaibuni aliyekuwa akituma pesa za kuitunza? Swali hili hutukabili wengi tunaporudi kutembea katika nchi tulikozaliwa, na aghalabu tunalijibu kwa hamaki kabla ya kulitafakari.

Kwanza tuiweke kando hoja ya pasipoti. Sheria ya Uraia ya Tanzania ya mwaka 1995 haikumruhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili, tofauti na Kenya iliyoruhusu kwa Katiba yake ya mwaka 2010. Hilo ni la serikali. Mimi nazungumzia mlango wa nyumbani, ambako hakuna wa kugonga muhuri.

Niliporudi Zanzibar kutoka Uingereza baada ya miaka 14, mama alikwishatangulia mbele ya haki. Nyumba yake ya Ng'ambo anaishi dada yangu na wanawe. Ukoo ukakaa kitako kuzungumzia mirathi. Ndugu zetu wengine walio nje walikwishatuma ujumbe: nyumba iuzwe, kila mtu apewe chake. Mjomba akanigeukia: "Mwanangu, umekuja kutembea au umerudi?" Nikamwambia nimekuja kutembea. "Basi sikiliza kwanza," akasema.

Sharia haina utata hapa. Mafungu ya mirathi yamekwishapangwa. Kuwa mbali hakumpunguzii mrithi fungu lake, wala kubaki nyumbani hakumwongezei. Anayesema aliye nje amepoteza haki yake anadhulumu. Lakini kuwa na haki ni jambo moja, na namna ya kuidai ni jambo jingine.

Wapo wanaosema: sisi tuliotuma pesa kila mwezi tumekwishatimiza wajibu wetu. Nawaelewa, kwani pesa ile haiokotwi. Wengi wetu kule tunafanya kazi za usiku katika nyumba za kutunzia wazee. Tunawaogesha na kuwalisha wazee wa watu, kisha mshahara tunawatumia wazee wetu. Lakini anayeifanya kazi ile ndiye ajuaye uzito wake, na ajuaye kuwa inalipwa kwa saa. Dada yangu alimgeuza mama kitandani miaka minne, na hakuna aliyemhesabia saa zake. Pesa zilinunua dawa. Hazikuamka saa tisa za usiku kumpa mama maji.

Hebu tumtazame Mtume (s.a.w). Alihama Makka mwaka 622, akaingia tena kwa ushindi mwaka wa 8 Hijria. Imepokewa kuwa Usama bin Zaid alimuuliza kama atafikia nyumbani kwake. Naye akauliza kama Aqil aliwaachia nyumba yoyote, maana Aqil bin Abi Talib, binamu yake, alikwishaziuza. Nguvu ya kuzirejesha alikuwa nayo, lakini hakumtoa mtu ndani. Kisha akarudi Madina, kwa Answari waliompokea siku za dhiki, waliokuwa wameingiwa na hofu kuwa atabaki kwao.

Hapa hatufundishwi kuwa haki ya aliyeondoka imekufa. Tunachokiona ni kwamba mwenye madai makubwa kuliko yeyote kati yetu hakuifanya siku ya kurejea kwao kuwa siku ya kukusanya madeni.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Haiwezekani mtu aandaliwe kama mgeni asubuhi, akitiliwa maji ya kunawa, na jioni apige mnada kama mwenyeji. Anayetaka uwenyeji na ashike jembe: atazame bati linalovuja, aulize madeni ya dawa, aulize dada na watoto watakwenda wapi nyumba ikiuzwa.

Kwetu tuliafikiana hivi: mafungu yote yaandikwe mbele ya mashahidi, haki ya mtu isije ikaliwa, na uuzaji usubiri mpaka dada apate pa kukaa au aweze kutununulia mafungu yetu kidogo kidogo. Wapo walio nje waliokasirika, na mmoja hadi leo hapokei simu yangu. Nitaendelea kumpigia, maana udugu haukatwi kwa sababu ya nyumba. Naye nitamuuliza lile lile la mjomba: akija, atakuja kutembea au atarudi?

Wallahu a'lam.