Vumbi Lisilowasha

Wanangu mnaobomoa na kukarabati nyumba Louisville, Columbus na Buffalo, najua kazi hiyo mnavyoipata. Umetoka kambi ya Nyarugusu au Kakuma, Kiingereza bado kinakukwama, mwenzako anakwambia kuna mtu anatafuta vijana wenye nguvu, malipo jioni. Mwenye njaa hana miiko, walisema wazee. Mimi nawapa mwiko mmoja wa kushika hata mkiwa na njaa: msivunje kitu cha zamani kabla ya kuuliza kina nini.

Miji hiyo ina nyumba nyingi zilizojengwa kabla babu zenu hawajaoa, na asbestosi, yale madini ya nyuzinyuzi, imo kwenye vitu vingi: vifuniko vya kuhifadhi joto vya mabomba ya boila, vigae vya sakafu vya inchi 9 kwa 9, hata vermikulaiti iliyomwagwa darini kuzuia baridi. Ninyi wa Columbus mna mfano jirani. Kule Marysville, kiwanda cha bidhaa za bustani kilitumia vermikulaiti ya Libby, Montana, iliyochanganyika na asbestosi. Utafiti uliochapishwa 1984 ulikuta baadhi ya wafanyakazi wana makovu kwenye utando wa mapafu. Hawakuwa wachimba migodi hao.

Vumbi la kawaida likiingia, koo linawasha, vinyweleo vya mirija ya hewa vinasukuma makohozi juu, unatema. Unyuzi wa asbestosi hauwashi. Ni mwembamba mno, unafuata mkondo wa hewa hadi kwenye vifuko vya mwisho vya mapafu. Seli za ulinzi zinakuja kuumeza. Ukiwa mrefu kuliko seli yenyewe, seli inashindwa kuumaliza, inamwaga kemikali zinazounguza nyama ya jirani, inakufa. Inakuja nyingine, mambo ni yale yale. Baada ya miaka 20, 30 au 40 pafu limejaa makovu, au imeota saratani, pengine mesothelioma, ile ya utando. Kwa hiyo kusema “mbona niko mzima” hakukuhakikishii kitu.

Na sigara iacheni. Utafiti wa mafundi wa vizuia joto wa Marekani na Kanada, uliochapishwa 1979, ulionyesha kuwa asbestosi peke yake iliongeza vifo vya saratani ya mapafu mara 5 hivi, sigara peke yake mara 10 hivi, na vyote viwili pamoja zaidi ya mara 50.

Sasa shikeni haya. Sheria ya shirikisho inamtaka mwajiri avihesabu vifuniko vya joto vya mabomba na vigae vya sakafu vya majengo ya hadi 1980 kuwa vina asbestosi mpaka vipimo vioneshe vingine. Mafunzo ya asbestosi ayatoe kwa lugha unayoielewa. Kudai Kiswahili si utovu wa adabu. Barakoa ya karatasi haitoshi. Usifagie pakavu. Nguo za kazi zisifike nyumbani: wako wanawake waliokufa kwa mesothelioma, na vumbi lao walilipata wakifua ovaroli za waume zao.

Bosi akisema “vunja tu, hamna kitu”, mwombe karatasi ya vipimo. Hana? Weka nyundo chini. Akikufukuza kwa kuuliza, OSHA, idara ya serikali ya usalama kazini, inapokea malalamiko, ila yafike ndani ya siku 30. Msikae na jambo hilo moyoni mkihofia Kiingereza. Nipigieni simu, tutayaandika pamoja.