Mafaili Mawili Yenye Majina Karibu Sawa

Mpwa wangu anapiga picha za harusi mjini Tanga. Haya ninayasimulia kwa ruhusa yake, maana ameniambia afadhali wengine wajue.

Kwa miaka minne alikuwa na programu moja ya kuhariri picha za RAW. Aliinunua mara moja tu, ikakaa kwenye laptopu yake yenye RAM ya GB 8, na mkono wake ukaizoea kama fundi cherehani anavyozoea pedali. Kisha akabadilisha kamera. Ile ya zamani ni Canon iliyoandika mafaili ya CR2; hii mpya ni Canon vilevile, lakini inaandika CR3. Programu ikayakataa. Ilikuwa Ijumaa usiku, kesho yake ana harusi, na albamu ya sendofu ya wiki tatu nyuma bado haijachapishwa. Akaona njia ni moja: apakue toleo jipya.

Hapa kuna jambo ambalo wapiga picha wengi hawalijui mpaka liwaume. Picha ya RAW yenyewe haiguswi. Unapopunguza mwanga, unapong'arisha uso, unapotuliza rangi ya gauni, programu inaandika maelekezo tu, na kuyahifadhi katika faili moja liitwalo katalogi. Picha ni zako na utazifungua kwingine. Ila kazi ya macho yako, ile uliyoikosea usingizi, imo ndani ya katalogi, na katalogi inaelewana na programu yake. Ipo njia ya kuyaandika maelekezo hayo pia katika mafaili madogo ya XMP yanayokaa kando ya kila picha. Mpwa wangu hakuwahi kuiwasha.

Toleo jipya lilimwuliza kama liihamishe katalogi yake, akakubali. Likatengeneza mpya, ya zamani ikaachwa kama ilivyokuwa, na mpaka hapo hakuna kilichoharibika. Lakini diski ilibakiza nafasi ndogo, na ilikuwa saa saba usiku. Akaona mafaili mawili yenye majina karibu sawa, tofauti ni tarakimu mwishoni. Akafuta la zamani, akamwaga na kapu la taka.

Jumamosi usiku akarudi na kadi mbili zilizojaa. Alipokuwa akiingiza picha, diski ikajaa kabisa, programu ikaganda, naye akashikilia kitufe mpaka laptopu ikazima. Ilipowaka, katalogi ilikuwa imeharibika na ilikataa kila jaribio la kuitengeneza. Jumatatu akaja kwangu, laptopu kwapani.

"Shikamoo mjomba," akasema, kisha akanyamaza. "Picha zipo zote. Kazi ndiyo haipo."

Nakala pekee ya katalogi, kwenye diski ya nje, ilikuwa ya miaka miwili nyuma.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba hakulazimika kuhama usiku ule. Adobe walitoa muundo wa DNG mwaka 2004, na wana programu ndogo ya bure inayogeuza mafaili ya kamera mpya, CR3 yakiwemo, yakawa DNG ambayo programu nyingi za zamani zinaisoma. Canon nao wanatoa Digital Photo Professional bure kwa wenye kamera zao. Harusi ya Jumamosi ingehaririwa kwa njia yoyote kati ya hizo, na uamuzi wa kuhama ungesubiri wiki isiyo na mteja, diski yenye nafasi, na nakala ya katalogi iliyokwisha kufunguliwa ikaonekana nzima.

Simshauri mtu ang'ang'anie toleo la zamani milele. Waliotumia Aperture ya Apple wanalijua hilo. Ilitoka 2005; Juni 2014 Apple ikatangaza kwamba haitaiendeleza, mwaka uliofuata ikaondolewa sokoni, na ilipofika macOS Catalina ya 2019 haikufanya kazi tena. Aliyehama mapema alihama kwa utulivu wake. Aliyengoja mpaka kompyuta ikafa alikuta kompyuta mpya haiwezi kufungua kazi zake za miaka mingi. Kwa hiyo kijana akija studio kuniuliza kama toleo jipya ni zuri, namwuliza mimi kwanza: ni kazi gani iliyo mezani kwako ambayo la zamani limeishindwa? Laptopu yako italimudu? Na katalogi yako iko wapi? Nionyeshe kwa kidole. Wengi hukwama kwenye hilo la mwisho.

Sendofu ile aliihariri upya, picha 340, usiku baada ya usiku kwa siku tisa, nami nikakaa naye nilipoweza. Albamu ilipotoka tulimpelekea mama wa bibi harusi pamoja. Alitupokea vizuri, akatuwekea chai na maandazi. Ukutani pale sebuleni ilining'inia picha kubwa ya fremu, ile mpwa wangu aliyoitoa wiki moja tu baada ya sherehe, kabla ya yote haya. Mama akaifungua albamu, akainuka nayo hadi chini ya fremu, akatazama huku, akatazama kule.

"Mwanangu," akamwuliza, "mbona gauni pale ukutani ni zambarau, na humu ni bluu?"