Kabla Hujalala Chini ya Mlima

Msafiri anayekwenda kuliona Ziwa Basotu, lile la maji baridi lililokaa ndani ya kasoko ya volkano ya kale, mara nyingi hupitia Katesh, mji ulio chini ya Mlima Hanang mkoani Manyara. Hushuka kwenye basi akiwa na vumbi hadi kwenye kope, hutafuta chumba, kisha asubuhi hupanda gari linalokatiza mashamba ya ngano. Mimi pia nimepita njia hiyo na kulala pale. Niliuliza bei, nikauliza kama maji ya kuoga yapo, nikauliza kama mlango una komeo. Nyuma ya nyumba palikuwa na korongo kavu lenye mchanga na mawe, mengine ukubwa wa mbuzi aliyelala. Niliyaona. Sikujiuliza yamefikaje pale.

Usiku wa kuamkia Jumapili, Desemba 3, 2023, mvua kubwa ilinyesha Hanang. Alfajiri, yapata saa kumi na moja na nusu, sehemu ya mlima ikameguka. Tope lilishuka na miamba na magogo, likayafuata makorongo, likapita Gendabi na Jorodom hadi mjini Katesh. Wengi walikuwa bado kitandani. Watu 89 walifariki, na maelfu wakaathirika.

Siku zile watu walisema volkano imeamka, maana Hanang, mlima wa zaidi ya mita 3,400, ni volkano iliyolala. Wataalamu wa miamba walipouchunguza walisema sivyo: miamba dhaifu ilinyonya maji mpaka ikazidiwa. Tulishike hilo, ndugu zangu. Kama ingekuwa volkano tungekunja mikono na kusema hatukuwa na la kufanya, lakini maji yana njia zake, na njia hizo zinaonekana.

Dalili zilikuwepo. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilikuwa imetangaza mapema kwamba vuli ya mwaka ule ingekuwa kubwa kuliko kawaida, na El Niño ilitajwa kila siku redioni. Lakini Manyara ilikuwa imetoka kwenye ukame uliomaliza ng'ombe. Nani aogope mvua aliyoiomba kwa machozi? Hapo hata mimi ningejikwaa. Ukame mrefu hutusahaulisha njia ya maji. Korongo likikaa kavu misimu miwili mitatu, tunaliona kiwanja: mmoja anachimba msingi ukingoni, jirani anamfuata, duka linafunguliwa, na mgeni kama mimi anapata chumba cha bei nafuu. Yale mawe yaliyotapakaa chini yalikuwa yameshatueleza kila kitu.

Siwalaumu waliolala usiku ule. Walikuwa majumbani mwao, baada ya siku ndefu ya kazi. Nawasihi tu tuliobaki. Mvua ikipiga mlimani saa nyingi bila kupumzika, usilale fofofo kando ya korongo. Ukisikia mawe yakigongana ndani ya maji, ukiona maji yamekuwa tope zito lenye matawi mabichi, au yamepungua ghafla na mvua bado inanyesha, waamshe watoto na majirani. Ondokeni kwa kukata upande, mpande palipoinuka. Msiteremke na bonde, na simu iliyosahaulika ndani iacheni.

Baadhi ya waliopoteza makazi walijengewa nyumba mpya katika eneo la Waret. Nami nilirudi Katesh baadaye, nikielekea tena Basotu. Nyumba ya wageni niliyofikia ilikuwa ya mama mmoja wa makamo. Nilimwamkia, na kabla ya kuuliza bei nikasema, "Mama, mvua ikiwa kubwa, maji hupita wapi hapa?"

Hakushangaa hata kidogo. Aliweka funguo mezani, akanitoa nje hadi nyuma ya nyumba, akainyoosha mikono yote miwili kuelekea mlimani, kisha akaishusha taratibu, akinionyesha mkondo hadi ulipovuka barabara.