Nasaha kwa Amfundishaye Rafiki

Kijana wa Karagwe, na wewe ndugu yake wa Kyerwa, nawaandikia juu ya jambo ambalo wengi hulifanya bila kulifikiria, nalo lina adabu zake: kumsaidia rafiki ajifunze kitu unachokipenda. Kitu hicho chaweza kuwa ngoma, bao, ususi wa mikeka, au baiskeli katika vilima vyetu. Mimi nitasema zaidi juu ya enanga, ala ya nyuzi ambayo ni burudani ya kale ya Wanyambo na Wahaya, kwa maana sitaki iishie kwa wazee. Neno langu ni moja, na nasaha zote zinatoka humo: mfundishe rafiki bila kumfanya mdogo.

Kwanza, usifiche ujuzi. Mpelelezi Mwingereza John Speke alipofika Karagwe mwaka 1861, akapokewa na Mukama (mfalme) Rumanyika, aliikuta enanga ikipigwa, naye akaiandika katika habari za safari yake. Tangu hapo falme zimekwisha, wakoloni wamekuja na kuondoka, na enanga bado ipo. Haikujileta yenyewe. Katika kila kizazi alikuwapo mtu aliyekubali kukaa na mwenzake na kumwonyesha pa kuweka kidole. Ulichopewa bure usikifanye siri ya kujitukuzia. Anayesema, "Nikimfundisha atanizidi," huyo anajipenda mwenyewe kuliko anavyoipenda enanga.

Pili, chagua wakati kwa huruma. Kahawa ikiwa juani na mawingu yakikusanyika, usimwite rafiki aache kazi ya nyumbani kwao. Mfuate, msaidie kuianua, ndipo mkae. Kama yeye anakaa Nkwenda na wewe Kayanga, usitake kila mara awe yeye anayelipa pikipiki. Kyerwa imekuwa wilaya ya peke yake tangu 2012, lakini mipaka ya utawala haikuwekwa kati ya marafiki. Nenda kwake nawe, uwasalimie wazazi wake kwanza, kisha ndipo uulize habari za enanga.

Tatu, mwachie ala mkononi. Hapa ndipo wengi wetu huharibu. Enanga ni mti mmoja uliochongwa ukawa na shimo kama karai, na juu yake hupitishwa uzi mmoja mrefu, ukienda na kurudi hadi ukafanya nyuzi saba au nane. Kwa kuwa uzi ni mmoja, anayekaza upande huu hana budi kusikiliza na upande wa pili. Sikio la namna hiyo halipatikani kwa kutazama. Rafiki akikosea sauti, usimpokonye ala ili kumwonyesha unavyojua. Mwambie neno moja, subiri, mwache ajaribu tena. Ukipiga wewe muda wote, umejiburudisha mwenyewe, na yeye umemgeuza mtazamaji.

Nne, mkosoe mkiwa wawili, msifu mbele za watu. Asikosolewe harusini, wala mbele ya wazee waliokaa na rubisi yao, pombe ya ndizi. Aibu ya mbele ya watu hufunga vidole kuliko baridi ya asubuhi. Kama amekosea hadharani, msindikize kwa makofi na kuitikia kiitikio, kosa mtaliangalia kesho. Na ukimsifu, taja jambo lenyewe: "Leo mkono wako wa kushoto umetulia." Sifa ya namna hiyo humfaa, kwa maana anajua ashike nini.

Tano, usicheke ulimi wa mgeni. Wapo kwetu walimu, wauguzi na wafanyabiashara waliotoka mikoa mingine. Mmoja wao akipenda enanga, atakutana na Kinyambo kizito cha tungo za kale, zenye habari za wafalme na mashujaa. Profesa Mugyabuso Mulokozi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alizichunguza tungo za enanga kwa miaka mingi, basi mgeni asionekane mjinga kwa kuuliza maana ya mstari mmoja. Neno likikushinda hata wewe, usibuni maana. Nendeni wote wawili kwa mzee, mkauinamie ujuzi wake pamoja. Vivyo hivyo dada yako akitaka kupiga enanga, au kaka yako akitaka kusuka mkeka, usimfukuze kwa kusema kazi hiyo si ya watu wa aina yake.

Sita, kwako unayefundishwa. Fika kwa wakati. Ala ya kuazima irudishe siku mliyoagana, ikiwa kavu na safi, na uzi ukikatika mikononi mwako, sema mwenyewe kabla hujaulizwa. Usijifanye umeelewa ili kumfurahisha mwenzio, kuuliza si ujinga. Watu wakikusifu, mtaje aliyekufundisha.

Saba, wekeni kiasi. Burudani njema haimwachi mama na jembe peke yake shambani, wala haili ada ya shule. Wala isiwe njia ya kuingia katika ulevi, kwa kuwa pombe hukaa karibu na ngoma. Mtu aliyemaliza kazi yake hupiga enanga kwa moyo mweupe, na wa nyumbani kwake humsikiliza bila kinyongo.

Mwisho, jiandae kuzidiwa. Siku rafiki atakapopiga wimbo kwa namna ambayo hukumfundisha, usimrudishe kwenye njia yako. Muulize alivyofanya, kaa chini, ujifunze. Wakati huo utakuwa umepata mtu wa kupiga naye na wa kukuonyesha usichokijua, na furaha ya kitu unachokipenda itakuwa imepata watu wawili wa kuilinda. Anza wiki hii: mfikirie rafiki mmoja aliyewahi kukuomba umfundishe ukamwambia "baadaye", umwendee.