Matembele ya mbele ya nyumba ni ya nani?

Siku hizi mitaani kwetu hapa Dar es Salaam, mwenye kiwanja hata kidogo huanza na ukuta, kisha hupachika vipande vya chupa juu yake. Mimi matembele yangu nimeyapanda nje, mbele ya baraza. Ndugu mmoja tunayeswali naye akanihoji: jirani akichuma bila kuomba, si wizi huo?

Wizi ni wizi, sibishi. Lakini katika hadithi ya Jabir (RA) iliyomo katika Sahih Muslim, Mtume (SAW) anatufundisha kuwa kinacholiwa katika alichopanda Muislamu ni sadaka kwake, hata kilichoibwa. Basi nikiwatangazia majirani mapema kuwa nimewaruhusu, nimemuondolea mwenzangu dhambi na aibu pia. Kuomba ni kuzito. Wapo akina mama wanaoona bora walale na njaa kuliko kubisha hodi na bakuli mkononi. Na matembele yenyewe hayana gharama: chomeka kipande cha shina penye unyevu, kitaota, na kadiri unavyochuma ndivyo yanavyochipua. Sasa huyu anayesubiri aombwe ndipo atoe, anasubiri nini hasa? Kushukuriwa?