Kabla ya Bonasi, Timiza Neno Lako

Ndugu yangu unayelipa watu, nasaha hii ni yako. Huenda unaongoza mamia ya watu katika kiwanda cha kuyeyusha shaba. Huenda una vijana watatu katika duka la vipuri pale Kamalondo, au dada mmoja anayekupikia na kukulelea watoto nyumbani. Mwezi ukiisha nyote mko mahali pamoja: mtu amekwisha kukupa kazi yake, naye anangoja neno lako. Yeye ametangulia kutimiza. Zamu iliyobaki ni yako.

Siku hizi wakubwa wa kampuni huzungumza sana juu ya motisha: bonasi ya uzalishaji, cheti cha mfanyakazi bora, zawadi ya mwisho wa mwaka. Ni mambo mazuri, na yanapofanywa kwa moyo safi huleta heri. Lakini nasema wazi kwamba hakuna motisha inayomshika mtu asiyeamini neno lako. Bonasi ni ahadi, na mshahara ni ahadi iliyoitangulia. Aliyeiona ya kwanza ikivunjwa hatatoa jasho kwa ajili ya ile ya pili.

Mji wetu unapaswa kulijua hili kuliko miji mingi. Lubumbashi ilianzishwa mwaka 1910 kwa ajili ya shaba, na kwa miaka mingi mlipaji mkubwa alikuwa Union Minière. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1920, kampuni hiyo iliona hasara ya kutafuta vibarua wapya kila mara, ikaamua kuwakalisha wafanyakazi pamoja na wake na watoto wao. Ilitoa nyumba kambini, mposho wa chakula, hospitali na shule. Watu wakafikia kusema kwamba kazi ndiyo baba, kazi ndiyo mama.

Hata hivyo, mposho ulitolewa kama fadhila, na fadhila haina siku ya kudaiwa. Vita Vikuu vya Pili vilipopandisha bei, wafanyakazi Waafrika waliomba nyongeza, na hawakuwa na chama cha kuwasemea. Tarehe 9 Desemba 1941 askari waliwapiga risasi wagomaji waliokusanyika katika uwanja wa mpira wa mji huu. Makumi walikufa, akiwemo Léonard Mpoyi, mmoja wa viongozi wao. Baba aliyelisha ndiye aliyekataa kusikiliza. Mwenye kulipa asisahau: ukarimu wako hauwezi kushika nafasi ya haki ya mwenzako, hata uwe mkubwa namna gani.

Baada ya uhuru, mali ya Union Minière iliingia mikononi mwa serikali mwaka 1967, na hatimaye ikaitwa Gécamines. Mwaka 1986 Gécamines ilitoa zaidi ya tani 470,000 za shaba. Kisha mgodi wa Kamoto ukaporomoka mwaka 1990, mitambo ikachakaa bila kutengenezwa, siasa ikavuruga mambo, na kufika 1994 uzalishaji ulikuwa chini ya tani 40,000. Mshahara ukaanza kuchelewa wiki, halafu mwezi, halafu mwaka. Mwaka 2003, kwa fedha za Benki ya Dunia, zaidi ya wafanyakazi 10,000 waliondoka katika mpango ulioitwa wa hiari, wengi wao wakidai mishahara ya miezi mingi. Ninyi mnaosoma hapa mna baba, mjomba au jirani aliyekuwa kati yao.

Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi ameeleza kwa kirefu jinsi mshahara ulipokatika, mamlaka ya baba nyumbani nayo yalivyotikisika. Mama akaenda sokoni kuuza ili watoto wale bukari, mtoto akaacha shule, na mzee aliyekuwa akiheshimiwa kambini akaanza kuogopa swali la mwanawe mwenyewe. Kwa hiyo anayechelewesha mshahara asidhani kwamba amechelewesha fedha tu. Ameingia nyumba ya watu asiyoijua na kupanga upya nani aheshimiwe na nani asiheshimiwe.

Watafiti wa uchumi wa kazi wamelipima jambo hili. Supreet Kaur, Sendhil Mullainathan, Suanna Oh na Frank Schilbach waliwafuatilia vibarua wa jimbo la Odisha, India, waliokuwa wakitengeneza sahani za majani na kulipwa kwa idadi. Baadhi yao walipewa mapema sehemu ya fedha walizokwisha kuzifanyia kazi. Kiwango cha malipo hakikuongezwa hata kidogo. Ila waliopokea mapema walitengeneza sahani nyingi zaidi, kwa takriban asilimia 7, na makosa yakapungua, hasa kwa wale waliokuwa maskini zaidi. Sababu ni kwamba mtu anayewaza deni la duka na karo ya mtoto hana akili yote mkononi. Sasa mfikirie fundi wako aliyekopa benki lambert, yaani kwa mkopeshaji wa mtaani, kwa riba ya kumaliza mshahara kwa sababu wewe hukulipa kwa wakati. Unamtaka awe makini kwenye mashine, na wewe mwenyewe umemnyang'anya umakini huo.

Wengine watanijibu kwamba kuna watu wanaopenda kungoja. Ni kweli, na Kenya imetupa mfano. Lorenzo Casaburi na Rocco Macchiavello walichunguza wafugaji wa ng'ombe wa maziwa katika kaunti ya Kiambu. Wachuuzi waliwalipa papo hapo, tena kwa bei nzuri zaidi, lakini wafugaji wengi waliendelea kupeleka maziwa kwenye ushirika unaolipa mwisho wa mwezi, kwa kuwa fedha zikikusanyika pamoja zinaweza kufanya jambo kubwa. Lakini wafugaji hao walichagua kungoja, waliijua siku ya kulipwa, na waliuamini ushirika wao. Kungoja kulikokubaliwa ni akiba. Kungoja kulikolazimishwa, bila tarehe na bila maelezo, ni mkopo ambao mnyonge anampa mwenye nguvu bila kuulizwa.

Jambo la pili katika neno lako ni uwazi. Emily Breza, Supreet Kaur na Yogita Shamdasani, huko huko Odisha, walionyesha kwamba watu wa kundi moja wakilipwa tofauti bila sababu inayoonekana, anayepata kidogo hupunguza juhudi, na wengine huacha kuja kazini hata kama wanapoteza ujira. Palipokuwa na tofauti ya utendaji inayoonekana kwa macho, manung'uniko hayakuleta madhara hayo. Binadamu anaweza kuvumilia kupata kidogo kuliko mwenzake akiielewa sababu. Asichoweza ni kupunguziwa kwa siri. Kwa hiyo ukimwongezea mmoja, uwe tayari kueleza mbele ya wote alichofanya. Kama sababu ni kwamba ni mtoto wa dada yako, au anatoka kijiji chenu, au ndiye anayekuletea maneno ya wenzake, basi nyongeza hiyo inawafundisha wengine kwamba kazi nzuri hailipi hapa.

La tatu ni heshima. Ng'ambo ya mpaka wa Kasumbalesa, katika mji wa Lusaka, Nava Ashraf, Oriana Bandiera na Kelsey Jack waliwapa wasusi na vinyozi jukumu la kuuza kondomu za kike ili kupambana na UKIMWI. Baadhi waliahidiwa faida ya fedha kwa kila pakiti. Wengine waliwekewa ukutani ubao wa nyota, kila mauzo yakiongeza nyota mbele ya wateja. Wenye nyota waliuza mara mbili ya wenzao. Sifa ya haki, inayotolewa hadharani kwa kazi iliyofanyika kweli, ina nguvu kubwa. Lakini usiugeuze utafiti huu kuwa njia ya kukwepa kulipa. Wasusi wale walikuwa na kipato cha saluni zao, na nyota waliyoahidiwa waliipata. Mwenye njaa ukimpa cheti badala ya mshahara unamdhihaki.

Ninawageukia kwa namna ya pekee wenye kampuni za kati, zile zinazoajiri watu na kuwakodisha kwenye migodi mikubwa ya Kolwezi, Fungurume na Likasi. Kwenu neno hupita mikono mingi: mgodi unalipa kampuni, kampuni inalipa kibarua, na kila mkono unakata sehemu yake. Kibarua akiuliza, mgodi unamwelekeza kwenu, nanyi mnamwelekeza mgodini. Msifanye hivyo. Aliyeweka saini mkataba wa mtu ndiye mwenye deni lake, hata kama yeye mwenyewe hajalipwa. Na ninyi wakubwa wa migodi, msijifiche nyuma ya karatasi ya kampuni nyingine. Jasho lile limemwagika katika shimo lenu.

Nifanye nini basi, utaniuliza. Taja siku ya malipo na uishike kama siku ya ibada. Sheria ya Kazi ya mwaka 2002 inataka mshahara ulipwe kwa vipindi visivyozidi mwezi, na mfanyakazi apewe hesabu yake kwa maandishi. Mpe karatasi hiyo hata mlinzi wako wa usiku, ukimweleza kila kilichokatwa. Usiahidi bonasi kabla ya kumaliza malimbikizo. Ukiahidi, andika kipimo chake mwanzoni, wala usikibadilishe watu wakishakifikia.

Na siku ikija ambayo fedha kweli hazipo, maana biashara ina misimu yake, waite watu wako kabla ya siku ya malipo. Waonyeshe hesabu. Walipe kwanza wa chini kabisa, kisha wa kati, nawe uwe wa mwisho. Akiomba avansi mwenye mgonjwa hospitali, mpe unachoweza bila kumsimamisha mlangoni kama mwombaji, kwa kuwa anaomba sehemu ya chake. Watu wanaweza kukuvumilia miezi migumu wakiona umekaa nao ndani ya ugumu huo. Lakini wakiona gari jipya limeegeshwa uani na mishahara haijatoka, hakuna semina itakayoirudisha imani yao.

Torati inakataza ujira wa kibarua kulala kwa tajiri mpaka asubuhi. Mtume Yakobo anaonya kwamba ujira uliozuiliwa unalia na kilio chake kinafika kwa Mungu. Waislamu nao wamefundishwa kumlipa mfanyakazi kabla jasho lake halijakauka. Wazee wetu walifupisha yote kwa maneno matatu: ahadi ni deni. Kwa hiyo kabla hujaitisha mkutano wa motisha mwezi huu, fungua daftari lako, tazama nani unamdai kazi na nani anakudai mshahara, uanze na huyu wa pili.