Mzigo Wangu na Mzigo wa Mwenzangu

Tuliulizwa neno moja na wazee wa usharika mmoja wa milimani, nasi hatukuweza kulijibu papo hapo. Tulilichukua njiani, tukalala nalo, na sasa twaliweka mbele yenu, maana twaona ya kuwa si neno la usharika ule peke yake.

Neno lenyewe ni hili. Katika usharika ule kuna kikundi cha wanawake 29 ambao hukutana kila juma, huweka akiba na kukopeshana. Mmoja wao, mjane mwenye watoto watatu, alikuwa na akiba ya shilingi 100,000. Akakopa 300,000, yaani mara tatu ya akiba yake, kama katiba yao iruhusuvyo, akanunua kuku 40. Alikuwa amekwisha kurudisha 60,000 ugonjwa wa mdondo ulipoingia kijijini. Kwa siku chache akabaki na kuku wawili. Miezi ikapita bila malipo, na siku ya kugawana ilipokaribia, wenzake wakaenda nyumbani kwake wakaichukua cherehani yake. Basi wazee wakatuuliza: Je, wanawake hawa walitenda haki, au walimdhulumu mjane?

Kabla ya kujibu, yafaa tufahamu kikundi cha namna hii ni kitu gani. Kusaidiana si jambo geni kwetu. Wazee wetu walikuwa na msaragambo, watu wakatoka pamoja kuchimba mfereji au kutengeneza njia. Na wanawake wamecheza upatu tangu zamani. Lakini desturi hii ya sanduku lenye kufuli tatu ilianza mbali, huko Maradi katika nchi ya Niger, mwaka 1991, wanawake wa vijijini walipofundishwa na shirika la CARE kuziweka akiba zao wenyewe na kukopeshana. Wengi wao hawakujua kusoma. Kutoka huko desturi ilienea Afrika nzima, nasi hapa Tanzania twaviita vikundi hivi vikoba.

Kazi yake ni nyepesi kuifahamu. Watu 15 hata 30, wanaojuana, hukubaliana katiba. Kila mkutano kila mmoja hununua hisa, si chini ya moja, na mara nyingi si zaidi ya tano. Fedha huhesabiwa mbele ya wote, hutiwa sandukuni, na funguo tatu hukaa kwa watu watatu mbalimbali, hata asiwepo mtu mmoja awezaye kulifungua peke yake. Kando ya akiba kuna mfuko wa jamii, wa ugonjwa na msiba. Mwisho wa mwaka wote hugawana akiba pamoja na faida, kisha huanza upya.

Msidhani ya kuwa haya ni mambo madogo. Hapa Kilimanjaro chama chetu kikuu cha ushirika wa kahawa kiliandikwa mwaka 1933, nacho kilileta shule na nyumba za bati. Walakini mwanamke alipalilia na kuchuma, na fedha ikaandikwa kwa jina la mume. Mwanamke alibaki na ndizi zake na maziwa yake, akavibeba sokoni kichwani, na alichopata kikaishia katika chumvi na mafuta ya taa. Sanduku lile la kufuli tatu limekuwa kwa wengi mahali pa kwanza ambapo jina la mwanamke limeandikwa kando ya fedha yake mwenyewe. Tumemwona mama aliyekuwa hanyanyui uso wake mkutanoni. Baada ya mwaka mmoja alisimama akasoma hesabu mbele ya wanaume, akamsahihisha mwenyekiti wa kijiji. Sadaka isingeweza kumfanyia hivyo. Sadaka hulisha kwa siku moja, tena apokeaye huinamisha kichwa. Mwenye hisa haombi. Yeye adai kilicho chake.

Sasa turudi kwa mjane na cherehani yake.

Wako wasemao: Deni ni deni. Fedha ile si ya tajiri, ni ya maskini 28 wengine. Mmoja wa wanawake wale alituambia maneno ambayo hatukuweza kuyapuuza. Alisema, “Baba mchungaji, ninyi mwasema tumsamehe. Mwasamehe kwa fedha ya nani? Hiyo ni daftari za mtoto wangu.” Ni kweli. Ni rahisi mtu kuwa na huruma kwa mali ya mwenzake. Tena kikundi kikisamehe leo bila kuuliza, kesho wataacha kulipa na wale wenye nacho, na sanduku litakufa. Ndipo wote watarudi kwa wakopeshaji wa mitaani, ambao mikopo yao watu wenyewe wameiita kausha damu.

Wako wengine wasemao: Yeye ni mjane. Hakulewa fedha ile wala hakuivalia kitenge, kuku wamekufa. Kumnyang'anya cherehani ni kumpiga aliyekwisha kuanguka.

Mtume Paulo, katika sura ya sita ya waraka kwa Wagalatia, aagiza tusaidiane kubeba mizigo, na mistari michache mbele asema kila mtu ana mzigo wake wa kubeba. Wengine huona ya kuwa maneno haya mawili yapingana. Sisi twaona ya kuwa kila kikundi cha kusaidiana huishi katikati yake. Kuamka asubuhi, kulima, kutunza, kutimiza ahadi: huo ni mzigo ambao hapana mtu awezaye kumchukulia mwenzake. Lakini ukame, mauti, ugonjwa wa mtoto, mdondo: hiyo ni mizigo iangukayo juu ya mtu bila kuuliza bidii yake. Akili ya kikundi ni kujua huu ni mzigo upi. Anayemsaidia mvivu kukwepa mzigo wake wa kwanza amharibu. Anayemwacha mwenye bidii chini ya mzigo wa pili amwua.

Hata hapa hatujafika mwisho, kwa maana tulipouliza zaidi tuliona jambo ambalo wazee hawakulitaja. Tuliuliza: Je, mama huyu alifundishwa kufuga? Wakajibu: Alikuwako kwenye mafunzo ya siku mbili, wote walikuwako. Walifundishwa nini? Kutengeneza sabuni. Kwa nini sabuni? Kwa sababu mwalimu aliyekuja alijua sabuni. Basi wanawake 29 wa kijiji kimoja walifundishwa kutengeneza sabuni ile ile ya kuuziana wao kwa wao, na mmoja aliyetaka kufuga kuku 40 hakuambiwa neno la mdondo.

Nao mdondo hauna dawa kuku akiisha kuugua, lakini una kinga. Iko chanjo ambayo kuku hutiwa tone moja jichoni, kisha hurudiwa kila miezi mitatu. Chupa moja yatosha kuku wengi sana, wala haikai muda mrefu ikiisha kufunguliwa. Kwa hiyo mwenye kuku wachache aona hasara kuinunua peke yake, naye huacha. Lakini kijiji kikishirikiana, chupa ni senti chache kwa kila nyumba. Angalieni basi: jambo lililowaua kuku wa mjane ndilo hasa jambo ambalo kikundi kingaliweza kulizuia kwa kuwa ni kikundi. Walishirikiana katika kukopesha na katika kudai. Katikati, pale riziki inapopatikana au kupotea, walimwacha peke yake.

Hapa twakumbuka tulichofundishwa sote tulipokuwa watoto wa kipaimara. Luther, katika Katekisimu Ndogo ya mwaka 1529, alipoieleza amri ya saba hakutosheka kusema tusimwibie jirani. Aliongeza ya kuwa twapaswa kumsaidia jirani mali yake na riziki yake zikae salama na kuongezeka. Basi dhamana haianzi siku ya kudai, huanza kabla ya mkopo. Nikikubali kuwa mdhamini wako, yanipasa nijue wataka kufanya nini, na kama wajua kuifanya, na kama hujui, nitafute wa kutufundisha. Nisipofanya hivyo, nami nimo katika hasara yako.

Na hatari ya kusahau hayo si ndogo. Mwaka 1976, katika kijiji cha Jobra nchini Bangladesh, mwalimu mmoja, Muhammad Yunus, aliwakopesha maskini fedha zake mwenyewe. Hapo ndipo ilipotoka Benki ya Grameen, nao walipewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2006. Benki ile iliwaweka wanawake katika makundi madogo wakaangaliana. Jambo lilikuwa jema, likaigwa kotekote. Lakini katika jimbo la Andhra Pradesh, India, wakopeshaji waliingia kwa wingi wakitafuta faida, mtu akakopa huku ili alipe kule, na macho ya jirani yakageuzwa kuwa fimbo. Mwaka 2010 habari zilienea za wadaiwa waliojiua, na serikali ya jimbo ikatoa sheria ya kuwazuia wakopeshaji. Jirani ni yule yule. Kinachomfanya msaada au fimbo ni jambo analolilinda, mtu au fedha.

Basi jibu letu kwa wazee lilikuwa hili. Wanawake wale hawakukosa kudai, walikosa katika kile walichochukua. Torati, katika Kumbukumbu la Torati sura ya 24, yakataza kuchukua jiwe la kusagia kuwa rehani, kwa kuwa ni kuchukua uhai wa mtu. Cherehani ya mjane ni jiwe lake la kusagia. Mkiiuza, hamtalipwa deni tena, maana mmeondoa mkono ambao ungelilipa.

Kisha tuliketi nao tukapiga hesabu. Deni lililobaki ni 240,000. Akiba ya mjane, 100,000, ilikatwa kwanza. Huo ni mzigo wake, wala hakukataa. Zikabaki 140,000, yaani 5,000 kwa kila mmoja wa wale 28. Hatukuwaambia wasamehe. Tuliwauliza kama waweza kungoja. Walinyamaza kwa muda mrefu. Mwisho wakakubali alipe 10,000 kila mwezi kwa miezi 14, kwa cherehani yake, na yule mama wa daftari alipwe kwanza. Wawili hawakuridhika, wakatoka katika kikundi. Hatuwalaumu, maana walichongojeshwa ni chao.

Ninyi mlio na vikundi katika sharika zenu, chunguzeni mambo matatu. La kwanza: kabla ya mkopo, nani amemfundisha mkopaji kazi anayoiendea? Maafisa wa mifugo na wa kilimo waweza kualikwa, na Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, vilivyoanzishwa kuanzia mwaka 1975, vipo kwa kazi hii. La pili: je, katiba yenu imeandika vitu visivyochukuliwa, kama jembe, cherehani, na mbegu? La tatu: ni nani katika kijiji chenu asiyeweza kununua hata hisa moja? Huyo hayumo katika hesabu zenu, wala hamdai, wala hamdaiwi naye. Lakini ndiye hasa ambaye vikundi hivi husemwa kuwa ni kwa ajili yake.

Cherehani imerudi nyumbani kwa mjane. Mara ya mwisho tulipopita, alikuwa akishona sare za shule, na kikundi kilikuwa kimechanga fedha ya chupa ya chanjo. Kuku wake ni wanane sasa. Bado adaiwa 110,000.